Elimu ya Uchumi na Njia ya Unyamwezi

Elimu ya uchumi huhesabiwa kuwa ngeni katika nchi zetu, kana kwamba iliteremshwa bandarini pamoja na vitabu vinavyoifundisha. Mwanachuo aingiapo darasani mwaka wa kwanza husomeshwa mahitaji na ugavi, mtaji na riba, ujira na kodi, na mifano mingi anayopewa hutoka katika viwanda vya Manchester au masoko ya New York. Mifano hiyo si mibaya. Lakini humfanya kijana aliyezaliwa Ziba, katika wilaya ya Igunga, adhani kwamba kwao hapakuwa na jambo la kusomwa. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba nchi ya Unyamwezi, na hasa mji wa Tabora na njia ya misafara iliyopita hapo, ni kitabu cha uchumi chenye sura kamili, ijapokuwa baadhi ya sura hizo zauma kuzisoma.

Neno lenyewe latosha kutuzindua. Uchumi latokana na kuchuma; na kila penye mchumaji hapana budi palitangulia mpandaji. Nani alipanda, na nani alichuma? Swali hili tulichukue mkononi kama taa tunaposafiri katika njia hiyo.

Masomo haya hayana umri mkubwa katika vyuo vyetu. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Kitivo cha elimu ya jamii kilifuata mwaka 1964, na mwaka 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu kamili. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa mwaka 1965, Chuo cha Usimamizi wa Fedha mwaka 1972, na Mlimani pakawa na kitivo cha biashara mwaka 1979. Kabla ya hapo aliyeitaka elimu hiyo alikwenda Makerere au ng'ambo. Julius Nyerere, aliyefundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria baada ya kutoka Makerere, aliondoka mwaka 1949 kwenda Edinburgh, na uchumi ulikuwa miongoni mwa masomo aliyoyachukua huko. Hata leo masomo ya vyuo vikuu vyetu husomeshwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo mwanachuo hujifunza mambo aliyokwisha kuyaona sokoni kwao kwa majina asiyopata kuyasikia huko.

Tuanze na mgawanyo wa kazi. Zamani kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kujenga nyumba Unyanyembe, Wanyamwezi walikuwa wakifanya biashara na jirani zao. Chumvi ilitoka Uvinza, majembe ya chuma yalitoka kwa wafua chuma wa kaskazini-magharibi, na shaba ilitoka mbali, Katanga. Kila nchi ilitoa kile ilichojaliwa, ikapata ilichokosa. Jembe lenyewe lilikuwa zaidi ya chombo cha kulimia, kwani lilitumika katika mahari na katika malipo. Ilipofika mwanzo wa karne ya 19 Wanyamwezi wenyewe walikuwa wamekwisha fika pwani na pembe za ndovu. Basi wafanyabiashara wa pwani waliokuja kukaa Tabora hawakuifungua njia. Waliifuata iliyokwisha kanyagwa. Burton na Speke walipofika hapo mwezi wa Novemba 1857 walikuta mji wa biashara wenye nyumba, mashamba na maghala, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir.

Pili ni sura ya fedha. Katika njia hiyo nguo ilipimwa kwa mikono: mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Kwa doti mtu alinunua chakula, alilipa hongo na alipokea ujira. Ushanga nao ulitumika, ila kila nchi ilikuwa na rangi iliyoipenda, na msafiri aliyebeba ushanga usiotakiwa mahali fulani alibeba mzigo usio na faida. Hapo mwanachuo aona wazi kwamba fedha ni fedha kwa sababu watu wameikubali, wala si kwa uzito wake. Nguo iliyosifiwa kuliko zote iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa Marekani, na biashara yake ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na nchi hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika na merikani ikapanda bei. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikapata nafasi yake. Mnyamwezi aliyepokea ujira wake Tabora aliguswa na vita vilivyopiganwa ng'ambo ya bahari mbili. Nani basi atasema kwamba soko la dunia ni habari ya jana?

Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake juu ya Zanzibar kilichotoka mwaka 1987, ameeleza jinsi bei ya pembe ilivyozidi kupanda katika karne ile, hali nguo za viwandani hazikupanda vivyo hivyo. Kwa hesabu hiyo mwenye pembe alipaswa kutajirika. Lakini ndovu walipopungua karibu, wawindaji walisonga mbele magharibi hata Manyema. Njia ikarefuka, na gharama za uchukuzi zikaongezeka. Aliyekuwa pwani, mwenye mtaji na meli, alikuwa katika nafasi ya kuivuna tofauti ile kuliko aliyekuwa bara.

Mtaji huo ulitoka wapi? Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, ametuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, na katika habari hizo biashara ya mkopo haiko mbali na kila safari. Mwenye msafara alichukua bidhaa kwa matajiri wa Kihindi Unguja, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa Taria Topan. Kisha akakaa bara miaka, akalipa kwa pembe alizorudi nazo. Kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na hatari nyingi, bidhaa za mkopo zilipewa bei kubwa kuliko za fedha taslimu. Riba haikutajwa, lakini ilikuwamo ndani ya bei. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la njia hii lilikuwa Unguja, si Tabora.

Sasa tutazame kazi. Mpagazi alibeba yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, sufuria na silaha, na kutoka Bagamoyo mpaka Tabora safari ilichukua karibu miezi mitatu. Posho yake ya kila siku ilikuwa kibaba cha nafaka. Ile methali ya haba na haba hujaza kibaba yapata uzito mpya tukikumbuka kwamba kibaba kilikuwa kipimo cha uhai wa mtu njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa mifugo ya kuswagwa. Walipatana ujira kabla ya kuondoka. Walijua thamani yao. Na walipoona posho imepunguzwa au mapatano yamevunjwa, waliweka mizigo chini mpaka wasikilizwe, au walitoroka. Wengi walisafiri wakati wa kiangazi na kutaka kurudi makwao mvua zikaribiapo, maana shamba lilikuwa na madai yake. Vitabu huliita jambo hili gharama ya kuacha kazi moja kwa ajili ya nyingine. Mnyamwezi alilijua pasipo kitabu.

Lakini hapa ndipo panapouma. Vijana walipokuwa njiani, nani alilima? Mara nyingi walilima wanawake, na walilima watumwa walionunuliwa kwa faida ya safari. Mashamba yaliyowalisha wenyeji wa Tabora na misafara yao yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Basi ujira huru wa mmoja uliegemea utumwa wa mwingine. Mwanachuo asomaye habari za ukuaji wa biashara asikubali kupewa jumla peke yake. Na aulize jumla hiyo imegawanywaje.

Kodi nayo ina sura yake. Mtemi Mnywa Sere, aliyetawala Unyanyembe baada ya kufa Fundikira mwaka 1858, alitaka ushuru kwa bidhaa ziingiazo nchini mwake. Serikali gani leo isiyofanya hivyo? Lakini wafanyabiashara Waarabu waliozoea kupita bila kutozwa walimpinga, wakamtoa kwa silaha na kumweka Mkasiwa mahali pake. Na Mnywa Sere, baada ya kupigana kwa miaka, aliuawa mwaka 1865. Mirambo wa Urambo alijifunza somo hilo kwa njia yake. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na biashara ya Tabora ikatikisika kwa miaka kadha. Hakuuchukia uchuuzi, alitaka uchuuzi upite kwake na kumlipa. Alipokufa mwaka 1884 dola yake haikudumu, na miaka michache baadaye Wadachi wakaja kutoza kodi yao wenyewe.

Reli ya Wadachi ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Shehena ambayo ingelihitaji mamia ya watu kwa miezi, sasa ilipita kwa siku chache, na kazi iliyowapa Wanyamwezi jina ikafa katika njia hiyo. Wengi waligeuka manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Vita vilipokuja, na manowari za Waingereza zikaziba bahari, serikali ya Wadachi ilikosa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, zilipigwa sarafu za shaba nyeupe na nyekundu kwa vyuma vilivyopatikana, na pia sarafu za dhahabu za rupia 15, yapata 16,000, zenye sura ya ndovu. Dhahabu ilitoka Sekenke, ng'ambo ya mbuga ya Wembere, upande wa mashariki wa nchi ya Ziba. Mwezi wa Septemba mwaka uo huo Wabelgiji waliuteka mji. Yule ndovu, aliyekwisha windwa mpaka akatoweka njiani, alibaki katika sarafu ya serikali inayokimbia.

Njia hii iliacha nini? Iliacha miembe, majina ya vituo, lugha ya Kiswahili iliyoenea bara mpaka Kongo, na watu waliozoea kusafiri na kupatana na wageni. Haikuacha benki, wala kiwanda, wala daftari. Pembe zilichongwa kuwa vinanda na vifungo katika miji ya mbali, na faida ikabaki zilikochongwa. Mkulima wa pamba wa Igunga leo aweza kuitambua hali hiyo, kwani bei ya pamba yake hutajwa kwa kufuata masoko asiyoyaona.

Kwa sababu hii sidai kwamba vitabu vya kigeni vitupwe. Sheria za bei ni zile zile Liverpool na Tabora. Nadai kwamba walimu wa uchumi waiweke njia ya misafara katika ratiba zao, na kwamba wanachuo watokao bara waandike tasnifu juu ya masoko, vyama vya ushirika na uchukuzi wa nchi zao, na waziandike pia kwa lugha ambayo mkulima aliyehojiwa aweza kuisoma na kuikosoa. Mkulima huyo ndiye mpandaji. Akiweza kulisoma daftari, ataweza kuuliza habari za mavuno.