Sentimita 70 za Filbert Bayi

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji uliyebanwa ndani ya daladala la Mbagala na gazeti hili mkononi, leo tuzungumzie sentimita 70.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Filbert Bayi wetu alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Rekodi ya dunia aliyoivunja ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun, ya mwaka 1967: dakika 3 na sekunde 51.1. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo ule, katika muda huo mtu husogea kama sentimita 70. Baada ya mita 1,609, kilichowatenga ni upana wa meza ya muuza karanga.

Mimi wakati huo sikuwa nimezaliwa, wala sina nia ya kumpokonya mzee wetu heshima yake. Lakini swali lipo: saa inaweza kuaminiwa kiasi hicho?

Watunza muda wanawajua adui zao. Wa kwanza ni kidole, ambacho huchelewa bastola inapolia. Wa pili ni sauti. Mbio za mita 1,500 huanzia upande wa pili wa kiwanja, zaidi ya mita 70 kutoka mstari wa kumalizia. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo anayengoja mlio huibonyeza saa akiwa amechelewa sekunde 0.2, na mkimbiaji anapewa zawadi ya muda ambao hakuupata kwa miguu yake. Ndiyo maana wanaambiwa watazame moshi, wasisikilize mlio. (Kwenye maili balaa hilo ni dogo, huanzia mita 9 tu nyuma ya mstari.)

Kanuni nyingine: watunza muda wawe watatu, kila mmoja na saa yake, wasionyeshane wala kunong'onezana. Wawili wakikubaliana, muda wao ndio huo. Wote wakitofautiana, huchukuliwa wa katikati. Hiyo ni dawa ya kosa la kubahatisha, lile ambalo leo liko juu, kesho liko chini. Lakini ikiwa wote wanategea masikio badala ya macho, hata ukiwaweka thelathini watakosea upande uleule.

Sasa turudi nyuma kidogo, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi aliongoza mita 1,500 toka mwanzo hadi mwisho. Saa ya umeme ilisoma 3:32.16, rekodi ikaandikwa 3:32.2. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji, kwa 3:32.52. Wote wawili waliipita rekodi ya Ryun ya 3:33.1. Ushindi huu nauamini kuliko ule wa Kingston, na si kwa sababu ya saa. Bastola moja, upepo mmoja, kiwanja kimoja. Ryun na Bayi walitengwa na miaka 8 na saa za watu wengine. Bayi na Walker walitengwa na miguu tu. Agosti 1975 Walker akaishusha maili hadi 3:49.4, sekunde 1.6 nzima, na hapo hata saa mbovu isingebisha. Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 ilitarajiwa kuwakutanisha, lakini Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusa kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kwa maoni yangu tulifanya sawa kususa, ila jibu hatukulipata.

Njoo sasa Tandika na Mwananyamala. Kiwanja cha vumbi, mzunguko umepimwa kwa hatua, kocha mmoja na simu moja. Hatua zikikosea kwa asilimia 2 tu, mita 1,500 hupungua au kuzidi mita 30. Kwa kijana wa dakika 4 na ushei, hizo ni kama sekunde 5. Kisha wa Tandika anaachwa, wa Mwananyamala anachukuliwa, kwa nusu sekunde, nao hawajawahi kukimbia kiwanja kimoja!

Na kocha anayetaka kujua kama mazoezi mapya ya wiki 8 yamefaa, awagawe vijana wake kwa kura, kundi moja libaki na mazoezi ya zamani. Anayeshika saa asiambiwe nani yuko wapi, maana kidole nacho kina mapenzi yake. Wote wapimwe kiwanja kilekile, asubuhi ileile, kwa kuwa jua la Januari saa 8 mchana si la Julai. Na wapimwe tena siku nyingine. Vifaa ni kamba ya mita 50, saa tatu na vipande vya karatasi vya kupigia kura.