Sindano ya Kifua Kikuu na Ribosomu katika Nyanda za Juu Kusini
Streptomisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, ilianza kutibu kifua kikuu kabla haijafahamika inapiga wapi ndani ya bakteria. Shabaha yake, ribosomu, yaani punje ndogo za seli zinazosoma maagizo ya jeni na kuunganisha asidi amino ziwe protini, zilielezwa vyema na George Palade kwa hadubini ya elektroni katikati ya miaka ya 1950, na jina lenyewe lilitolewa mwaka 1958.

Katika Mbeya na Iringa, mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, dawa hiyo ilitumika kwa utaratibu wa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977 na ambao mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo alishiriki kuujenga hadi ukaigwa duniani. Katika miezi miwili ya mwanzo ya tiba fupi, mgonjwa alimeza isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, na pamoja nazo alichomwa streptomisini kila siku, kwa kuwa utumbo hauifyonzi. Kwa hiyo mtu wa Makete au Ludewa, wilaya zilizokuwa bado za Iringa, ama alilazwa wodini ama alihamia kwa ndugu aliyekaa karibu na kituo, na gharama hiyo vitabu vya dawa havikuihesabu.

Streptomisini hushika kipande kidogo cha ribosomu ya bakteria na kuifanya isome maagizo kimakosa, hata protini zinazotoka zikawa mbovu. Ribosomu za binadamu zina umbo tofauti, isipokuwa zile za mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, ambazo zinafanana zaidi na za bakteria. Hilo hutajwa miongoni mwa sababu za dawa hii kudhuru sikio la ndani, kiasi kwamba baadhi ya waliopona kifua walibaki na kizunguzungu au uziwi.

UKIMWI, ulioiathiri mikoa hii kuliko mingi nchini, uliongeza wagonjwa na kuzidisha hofu ya sindano, na baadaye ethambutoli ya kumeza ikachukua nafasi ya streptomisini. Ribosomu, hata hivyo, haikuachwa kuwa shabaha ya dawa. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichokua kutokana na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich tangu miaka ya 1990, kimeshiriki kujaribu sutezolidi, dawa ya kumeza inayozuia kazi ya kipande kikubwa cha ribosomu hiyohiyo. Katika tiba ya aina hii damu na mishipa ya fahamu ya mgonjwa hufuatiliwa kwa makini, kwa sababu linezolidi, iliyoitangulia katika ukoo huo wa dawa, hudhuru pia mitokondria za binadamu.