Kitindamlo cha tabaka kwa sikukuu: namna ya kukiandaa Nyanda za Juu Kusini hata kama huna friji

Mwezi wa Desemba ukifika, maswali ya mapishi huwa mengi kuliko ya mbolea. Pilau na kuku watu wanavijua. Kinachosumbua ni kile kitu kitamu cha mwisho, kinachopangwa tabaka kwa tabaka kwenye bakuli la kioo au kwenye vikombe: keki chini, matunda, kastadi ya njano, na kitu cheupe juu. Wengine wanakiita traifo.

Wengi wanaamini kuwa bila friji hakiwezekani. Kinawezekana, ila kwa kufuata saa. Maziwa yaliyopikwa yakikaa nje muda mrefu huharibu tumbo, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Katika makala hii tunaeleza vipimo vya watu 20, mpangilio wa tabaka, na ratiba ya siku yenyewe.

Kimetoka wapi

Traifo ni chakula cha Uingereza, na jina lake linaonekana kwenye vitabu vya mapishi vya huko tangu karne ya 16. Wakati huo hapakuwa na friji majumbani. 

Unga wa kastadi ulikuja baadaye. Mwaka 1837 Alfred Bird, mkemia wa mji wa Birmingham, alitengeneza kastadi isiyo na yai kwa sababu mke wake alikuwa akidhurika na mayai. Alitumia wanga wa mahindi badala yake. Ndiyo maana unga wa kastadi wa dukani kwa kawaida hauna yai, ingawa rangi yake ni ya kiini. Kwetu hilo ni jambo jema, kwani yai lisiloiva vizuri ni hatari nyingine inayoepukwa.

Mahitaji ya watu 20

Keki: unga wa ngano nusu kilo, sukari robo kilo, siagi robo kilo, mayai 6, beking pauda vijiko vya chai 3, maziwa nusu kikombe.

Tabaka la pasheni: pasheni 30 hivi, maji nusu lita, sukari vijiko vya chakula 8, unga wa kastadi vijiko vya chakula 5.

Kastadi: maziwa lita 2, unga wa kastadi vijiko vya chakula 10, sukari vijiko vya chakula 8.

Matunda: kilo 2 za ndizi mbivu, embe, au pichesi.

Tabaka la juu: mtindi lita 2, au maparachichi makubwa 6 na ndimu 3.

Nunua kilichopo karibu nawe. Ndizi na parachichi za Rungwe, maembe yanayopanda kutoka Kyela, na pichesi za maeneo ya baridi vyote vinafaa. Ukikosa keki, biskuti za kawaida au mkate wa jana uliokatwa vipande hufanya kazi ileile.

Keki: punguza beking pauda

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa uko chini yake kidogo tu. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo keki huumuka haraka kisha ikazama katikati. Kwa nusu kilo ya unga, wapishi wa pwani wangeweka vijiko 4 vya beking pauda. Huku weka 3.

Kama huna oveni, tumia sufuria nzito na mkaa. Weka moto mdogo chini na mwingi juu ya mfuniko, kama unavyopalia wali. Keki hii utaivunjavunja, kwa hiyo ikipasuka au ikizama usihuzunike. Ioke siku moja kabla na uifunike ikishapoa.

Tabaka la pasheni badala ya jeli

Jeli ya pakiti inataka baridi ili igande. Desemba kwetu ni mwezi wa mvua, si wa baridi kali ya Juni na Julai, kwa hiyo mchana jeli inaweza kubaki maji. Kama huna friji, iache. Tumia pasheni.

Kamua pasheni na uchuje mbegu. Toa kikombe kimoja cha juisi hiyo weka pembeni. Koroga unga wa kastadi kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe. Chemsha juisi iliyobaki pamoja na maji na sukari, mimina mchanganyiko wa kastadi taratibu huku ukikoroga, acha itokote dakika 2. Utapata uji mzito unaong'aa. Ukipoa unashika vizuri, na haudai friji ili ugande.

Kastadi yenyewe

Maziwa ya kununua kwa mfugaji lazima yachemke. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya bruselosisi, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba na kumpa binadamu homa za kurudiarudia. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa na bado akawa navyo.

Toa kikombe kimoja cha maziwa baridi, koroga humo unga wa kastadi. Maziwa yaliyobaki yachemshe pamoja na sukari mpaka yapande. Punguza moto, mimina kastadi kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka, kisha acha itokote dakika 2 hadi 3 bila kuacha kukoroga. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi joto takribani 94 badala ya 100, hivyo wanga unahitaji dakika kidogo zaidi ili uive. Kastadi isiyoiva huwa na ladha ya unga na huachia maji baadaye.

Ikishaiva, igawe kwenye sufuria mbili pana. Ziweke ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge mara kwa mara. Maji ya beseni yakipata joto, yabadilishe. Sufuria pana inapoza haraka kuliko ndoo yenye kina.

Tabaka la juu

Krimu ya kupiga haipatikani vijijini, lakini mtindi upo. Mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa umimine kwenye kitambaa safi, uufunge, uuning'inize usiku kucha juu ya bakuli sehemu yenye ubaridi, ukiwa umefunikwa dhidi ya inzi. Asubuhi maji yametoka na umebaki mtindi mzito karibu nusu yake. Ongeza sukari, upige kwa uma mpaka uwe laini. Uchachu wake huzuia vijidudu vingi, kwa hiyo unavumilia kuliko krimu.

Anayetaka parachichi aliponde na sukari na ndimu. Parachichi huwa jeusi likikutana na hewa, na ndimu huchelewesha weusi huo. Liponde mwishoni kabisa.

Usiweke ute wa yai mbichi uliopigwa povu. Ni mzuri kwa macho, lakini haujapikwa.

Kupanga

1. Vunja keki, ipange chini, inyunyizie ile juisi ya pasheni uliyoiweka pembeni. Ilowe, isiogelee.
2. Mimina tabaka la pasheni lililopoa.
3. Panga matunda yaliyokatwa. Ndizi zikiwa hapa katikati hazikutani na hewa, hivyo hazigeuki nyeusi upesi.
4. Mimina kastadi ikiwa imepoa. Ikiwa ya moto itayeyusha tabaka la chini na rangi zote zitachanganyika.
5. Malizia na mtindi au parachichi.

Vikombe vidogo ni bora kuliko bakuli moja kubwa. Kila mgeni anapata tabaka zote, na hakuna mikono 20 inayoingia chombo kimoja.

Mvua za Desemba huteremsha uchafu visimani na mitoni. Matunda yaoshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukata.

Ratiba ya siku

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo hesabu kuanzia mwisho. Tuseme wageni wanakula saa 7 mchana na kitindamlo kinatolewa saa 8:

Jana yake: oka keki, ning'iniza mtindi.
Saa 12 asubuhi, kabla ya kwenda ibadani: osha matunda bila kuyakata, osha vikombe, viache vikauke vikiwa vimefunikwa.
Saa 5: pika tabaka la pasheni, lipoze.
Saa 5 na nusu: anza kupika kastadi. Saa 6 iwe imeipuliwa na iko kwenye beseni.
Saa 6 na dakika 45: kata matunda, panga vikombe, virudishe kwenye beseni lenye maji baridi kidogo, funika kwa kitambaa safi.
Saa 8: gawa, kiliwe kiishe.

Kitindamlo hiki hakilali. Kilichobaki bila friji usikifanye kiporo cha kesho, hata kama kinanukia vizuri. Vijidudu vingi vinavyoumiza tumbo havibadilishi harufu wala ladha. Ni heri upike pungufu. Mgeni wa jioni mpe keki kavu na chai.

Kwa wenye friji

Unaweza kupanga usiku wa kuamkia sikukuu na kutumia jeli. Friji iwe na nyuzi joto 5 au chini yake. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takribani saa 4. Ukizidi hapo, usile.

Nanasi bichi na papai bichi visiwekwe ndani ya jeli, kwani vina vimeng'enya vinavyoizuia kugandamana. Nanasi likichemshwa kwanza, tatizo linaisha. Na kama una wageni Waislamu, soma pakiti: jeli nyingi hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, wakiwemo nguruwe. Tafuta yenye alama ya halali, au tumia tabaka la pasheni na wote wale bila wasiwasi.

Mtu akiumwa tumbo

Akiharisha au kutapika, mpe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyoingia ndani, au mtoto hawezi kunywa, msisubiri sikukuu iishe. Mpelekeni zahanati au kituo cha afya.