Chanzo cha Mto na Mwenye Kuonyesha Njia

Sisi tuliosoma shule wakati wa ukoloni tulikaririshwa kwamba John Hanning Speke ndiye aliyegundua chanzo cha mto Naili. Mwalimu aliandika jina na mwaka ubaoni, nasi tukanakili madaftarini. Kwamba Wasukuma, Wahaya, Waganda na Wasoga walikuwa wakivua samaki katika ziwa lile kabla Speke hajazaliwa, hilo halikuulizwa katika mtihani.

Somo hilo nilikutana nalo tena mahali nisipopatarajia. Mwezi Julai 2019 nilikuwa nikimtembelea binti yangu katika jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, nchini Marekani. Yeye na mumewe walikodi mojawapo ya yale magari makubwa yaliyo nyumba kamili, yenye vitanda, jiko, jokofu na hata choo. Tulisafiri saa nne hivi kuelekea kaskazini, tukaingia katika hifadhi ya jimbo iitwayo Itasca, na kukaa huko siku nne.

Maisha ya kambi hizo yana utaratibu wake. Kila familia hupangiwa nafasi yake chini ya miti. Gari huunganishwa na umeme kwenye nguzo iliyo kando yake; maji safi hujazwa katika tangi la gari, na maji machafu hupelekwa kumwagwa mahali maalumu. Jioni watu huota moto wakisalimiana na majirani waliotoka majimbo mengine. Na mbu wa huko, naomba msomaji aniamini, hawana cha kujifunza kutoka kwa mbu wetu.

Hifadhi ya Itasca ilianzishwa mwaka 1891, baada ya muswada wake kupita katika baraza la jimbo kwa tofauti ya kura moja tu. Ina ukubwa wa hekta zipatazo 13,000 na maziwa zaidi ya 100. Shabaha ilikuwa kuokoa misonobari mirefu isimalizwe na wakata magogo, na kulinda mahali unapoanzia mto Mississippi.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda kupaona. Mto ule, ambao mbele ya safari hubeba meli, hapo hutoka ziwani ukiwa kijito tu. Upana wake ni mita sita hivi, na maji yake ni ya magotini. Wajukuu wangu walivuka kwa kukanyaga mawe, wakarudi, wakavuka tena. Kando pamesimamishwa gogo lenye maandishi yasemayo kwamba kutoka hapo hadi Ghuba ya Meksiko ni maili 2,552. Vipimo vya baadaye hutoa umbali pungufu kidogo. Mjukuu wangu mkubwa, baada ya kusoma habari za mahali pale, aliniuliza: "Babu, huyu mgeni alifikaje hapa kama hakupajua?"

Lilikuwa swali zuri. Henry Schoolcraft, ofisa wa serikali ya Marekani, alifika ziwani hapo mwezi Julai 1832. Wazungu wengine walikuwa wamekitafuta chanzo hicho kabla yake, kila mmoja akaishia kwenye ziwa jingine. Yeye alifanikiwa kwa sababu aliongozwa na Ozawindib, mkuu wa Waojibwe aliyeishi Cass Lake. Ozawindib aliijua njia: wapi pa kupiga makasia, na wapi pa kubeba mitumbwi ya magome mabegani kuvuka nchi kavu. Katika msafara huo alikuwamo pia daktari, Douglass Houghton, aliyewachanja wenyeji dhidi ya ndui.

Ziwa lilikuwa na jina lake kwa Kiojibwe, lenye maana ya ziwa la kulungu wakubwa, na wafanyabiashara Wafaransa walikuwa wamekwisha kulitafsiri katika lugha yao. Schoolcraft alitaka jina jipya. Alichukua maneno mawili ya Kilatini, veritas, yaani kweli, na caput, yaani kichwa. Akakata mwanzo wa la kwanza na mwisho wa la pili. Ikabaki Itasca. Msikiaji hudhani ni neno la wenyeji, kumbe ni kiraka cha Kilatini.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani na kupelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Alikuwa pamoja na Speke mwaka 1858, Speke alipoliona ziwa karibu na Mwanza na kulipa jina la malkia wake, na tena katika safari iliyomfikisha mwaka 1862 kwenye maporomoko ya Jinja.

Lakini haki itendeke kwa wote. Schoolcraft, katika kitabu alichotoa mwaka 1834, alimtaja Ozawindib waziwazi. Speke naye alisimulia habari za Bombay kwa kirefu. Wasafiri hawa hawakuwaficha waliowaongoza. Majina yalipotea baadaye, wakati kitabu kizima kilipofupishwa kuwa ukurasa, na ukurasa ukafupishwa kuwa mstari mmoja ubaoni. Anayefupisha hubakiza anayedhani ni mwenye tendo, na waliomwezesha huwaacha nje.

Siku ya tatu tulikwenda mji wa Bemidji, kiasi cha kilometa 50. Mto huanza kwa kwenda kaskazini, hupita katika ziwa la mji huo, ndipo baadaye hugeuka kuelekea kusini. Pale ufukweni ipo sanamu kubwa ya Paul Bunyan, jitu la hadithi za wakata magogo, iliyojengwa mwaka 1937. Tulipoitazama nilimkumbuka Mary Gibbs, ambaye kituo cha wageni kwenye chanzo cha mto kimepewa jina lake. Mwaka 1903, akiwa msimamizi wa hifadhi na binti wa miaka 24, aliwakabili wakata magogo waliokuwa wameziba mto na kugharikisha kingo za ziwa. Walimtishia kwa bunduki. Kama misonobari ile bado imesimama, sehemu ya shukrani ni yake.

Hata mawe waliyochezea wajukuu zangu yaliwekwa na vijana wa kazi za umma katika miaka ya 1930. Na kwetu, maporomoko aliyoyaona Speke yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Mahali penyewe hubadilika. Kumbukumbu ndiyo hubaki mikononi mwa walimu.

Nilimjibu mjukuu wangu kwamba mgeni alipelekwa. Kiswahili kinatupa njia nyepesi ya kulisema hilo ubaoni: "Mwaka 1832 Ozawindib alimfikisha Schoolcraft kwenye chanzo cha Mississippi." Mstari ni mmoja vilevile, na mwanafunzi ataukariri bila taabu.