Kwa Kombi Kutoka Busiu: Kuirudia Njia ya Misafara



Likizo iliyopita tulikwenda pwani ya Kenya kwa Kombi. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika magodoro, tukapakia jiko la mafuta ya taa, madumu ya maji na gunia la mchele. Jirani mmoja alitucheka: "Basi la usiku lipo, mnajitesa bure!" Lakini sisi hatukuwa na haraka. Tulitaka kuirudia polepole njia iliyomleta Busiu babu wa babu yetu.

Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba mzee huyo alikuja na msafara wa Waswahili. Basi. Alikuja akiwa nani, hilo halikusemwa. Ukiuliza, wazee wanaagiza chai.

Historia inayojulikana ni hii. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, misafara ilitembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Mumias, kwa Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye baadaye alisilimu. Kutoka hapo Waswahili waliuzunguka Mlima Elgon, ambao sisi twauita Masaba, wakitafuta pembe za ndovu. Semei Kakungulu alipoanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara walijenga hapo pia, na misafara ya pembe ikawa inatokea Mbale kwenda Karamoja, mpaka serikali ilipoifunga nchi hiyo kwa wafanyabiashara mwaka 1911. Waswahili wakawa majirani, wakaoa, wakajenga misikiti. Hadithi hiyo tunaipenda, na tunaisimulia kila Maulidi.

Safari ya bara haina mengi: Tororo, Malaba, Nairobi, vumbi na malori, karibu kilomita 1,000 hadi Mombasa. Raha ilianza tulipogeuza gari kaskazini. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, mwendo wa asubuhi moja. Sisi tulitumia siku sita. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana watoto majini, usiku tunalala milango wazi tukisikia bahari.

Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao, na chakula chao ni ndizi na samaki. Watoto wa Bugisu walifurahi mno kusikia habari ya ndizi!

Siku ya pili tulisimama Mtwapa, kwenye magofu ya Jumba la Mtwana. Ni mji wa karne ya 14, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na msikiti wake mmoja uko ufukweni kabisa. Kando yake kuna kaburi lenye aya ya Qur'ani inayokumbusha mauti. Tuliswali Adhuhuri chini ya mibuyu. Kisha binti yetu wa miaka tisa akauliza, "Mtwana ni nani?"

Tukamwambia: mtumwa wa kiume. Akauliza tena, "Waislamu walikuwa na watumwa?" Tungeweza kuagiza chai. Tukamjibu ndiyo.

Tukamweleza kwamba mji huo uliachwa katika karne ya 15, muda mrefu kabla biashara hiyo haijapamba moto katika karne ya 19. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi 1907. Na misafara ile ile iliyofika Mumias kwa pembe, mara nyingine ilirudi na watu.

Baada ya hapo barabara ilibadilika machoni petu, ingawa ilikuwa nzuri vile vile. Kilifi tulinunua korosho darajani. Gede tulitembea msituni kati ya nyumba, visima na msikiti mkubwa, na watoto wakasoma mwaka 802 Hijria kwenye kaburi moja, yaani 1399. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2024, na unastahili. Lakini Malindi, tulikopanga kupumzika, ndiko tulikozungumza zaidi. Mji ule ulifufuliwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, na mashamba yake ya mtama yalilimwa na watumwa. Wengi walitoroka wakaanzisha vijiji vyao bara. Mama alikaa kimya muda mrefu akitazama maji. Hatimaye akasema, "Tukifika nyumbani tukamwone shangazi."

Tulifika Busiu usiku, Kombi ikitoa moshi. Keshoye tukaenda. Shangazi ana daftari la nasaba, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu na karatasi zake zimekuwa kama majani makavu. Tulilijua tangu utotoni: majina yanapanda, bin fulani bin fulani, hadi kwa mzee wa msafara, naye ni bin Abdallah, na orodha inaishia hapo. Sikuzote tulidhani Abdallah alikuwa baba yake.

"Hilo ni jina wanalopewa wasiojulikana baba zao," shangazi alisema. "Aliyesilimu, au aliyenunuliwa. Sisi tulikatazwa kuuliza ni lipi."

Binti yetu aliomba kalamu na karatasi, akaanza kunakili majina yote, kuanzia chini.