Lugha ya Wezi au Lugha ya Mtaa? Historia ya Lunfardo na Utambulisho wa Buenos Aires

Utangulizi

Hakuna mji mkubwa usiozua misimu yake, wala hakuna misimu isiyokuwa na mahasimu na watetezi. Makala hii inaichunguza lunfardo, msamiati wa mitaani uliochipuka katika eneo la Río de la Plata, yaani Buenos Aires nchini Argentina na Montevideo nchini Urugwai. Tunadai kwamba historia ya lunfardo iliandikwa kwanza na wale waliokuwa na sababu ya kuishuku, na kwamba jambo hilo lilizaa matokeo mawili. Kwanza, maneno ya watu maskini yalibandikwa jina la uhalifu. Pili, mchango wa Waafrika katika maneno hayo ulififizwa. Hili la pili linamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa lugha za Kibantu.

Kalamu ya Polisi

Kumbukumbu za awali za lunfardo ni za magazeti. Mwaka 1878 gazeti la La Prensa lilichapisha makala isiyo na jina la mwandishi kuhusu lahaja ya wezi. Mwaka uliofuata Benigno Lugones, aliyekuwa karani wa polisi, aliandika juu ya suala hilo hilo katika La Nación. Mwaka 1894 mwanasheria Antonio Dellepiane alitoa kitabu kizima alichokiita "Lugha ya Uhalifu". Hata jina lunfardo lenyewe linaaminika kutokana na neno lililomaanisha mtu wa Lombardia, ambalo Ulaya lilikuwa limekwisha kupata maana ya mlariba na mwizi.

Ni dhahiri kwamba mwenye kukusanya maneno katika kituo cha polisi atayapata vinywani mwa watuhumiwa. Hilo halithibitishi kuwa watuhumiwa ndio walioyaunda, wala kwamba hayakutumiwa na mchuuzi wa mboga au kuli wa bandarini. Tukiyachunguza maneno yenyewe, tunakuta kwamba mengi hayana siri yoyote. Laburo ni kazi, kutokana na Kiitaliano lavoro. Fiaca ni uvivu au uchovu. Morfar ni kula. Pibe ni mtoto wa kiume. Bacán, kutoka lahaja ya Genoa, alikuwa bwana mkubwa mwenye mali. Kazi, chakula, uchovu na tajiri: hizi ni shughuli za mfanyakazi kabla ya kuwa za mwizi.

Bandari, Vyumba na Mitaa

Asili ya msamiati huu imo katika historia ya makazi. Mwaka 1869 Buenos Aires ilikuwa na watu wasiofika 200,000. Kufikia sensa ya 1914 walikuwa wamepita 1,500,000, na karibu nusu yao walikuwa wamezaliwa nje ya nchi, Waitaliano na Wahispania wakiwa wengi zaidi. Baada ya homa ya manjano ya mwaka 1871, matajiri wengi walihama kusini mwa mji wakaelekea kaskazini. Majumba ya kusini yakagawanywa vyumba vidogo vidogo, familia nzima chumba kimoja, ua mmoja, bomba moja. Nyumba hizo ziliitwa conventillo, na mwaka 1907 wapangaji wake waligoma kulipa kodi. Ni katika nyua za namna hiyo, huko San Telmo na La Boca, ambapo Kihispania kilikutana na lahaja za Italia.

Sarufi ilibaki ya Kihispania. Kilichobadilika ni msamiati. Zaidi ya kukopa, wenyeji walizua mchezo wa kugeuza silabi unaoitwa vesre, neno ambalo lenyewe limegeuzwa kutokana na revés, yaani kinyume. Tango huwa gotán, mujer (mwanamke) huwa jermu. Mchezo huu ulimtenga mgeni na mwenyeji, na ulimpa mtoto wa mhamiaji namna ya kuwa mwenyeji bila kupitia shuleni.

Ngeli Zilizoganda

Kabla ya meli za Waitaliano zilikuja meli za watumwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1778, Waafrika na wazao wao walikuwa takriban asilimia 30 ya wakazi wa Buenos Aires. Wengi walitokea Angola na Kongo, baadhi yao wakipitia Brazili. Utumwa ulifutwa na katiba ya mwaka 1853, na baadaye taifa likajisimulia kuwa ni zao la Ulaya. Maneno, hata hivyo, hayakufuata masimulizi hayo.

Chukua milonga, ambalo leo ni jina la muziki na la mahali pa kuchezea tango. Wanaisimu wengi hulihusisha na Kimbundu mulonga, wingi milonga, lenye maana ya neno au maneno. Msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja ngeli ya M-MI: mti, miti, mulonga, milonga. Mzungumzaji wa Kihispania hakuisikia mi- kuwa kiambishi cha wingi, hivyo akaongeza wingi wake na kusema milongas, wingi juu ya wingi. Quilombo nalo lina kiambishi ki-. Katika Kimbundu kilombo ni kambi. Brazili likawa kimbilio la watumwa waliotoroka. Argentina likawa danguro, kisha vurugu. Mucama, mtumishi wa kike, latokana na mukama wa Kimbundu, na limebeba kiambishi mu-.

Safari ya quilombo ni hukumu ya kijamii iliyoingia ndani ya neno. Kimbilio la waliotafuta uhuru limekuwa jina la fujo, na mwenye kulitamka leo hana habari. Hapo ndipo isimu inapoweza kutoa ushahidi ambao hati za serikali ziliunyamazia. Sensa za Argentina za mwaka 2010 na 2022 ziliuliza tena kuhusu asili ya Kiafrika. Lugha ilikuwa imehifadhi jibu muda wote huo.

Waandishi na Watawala

Fasihi iligawanyika. Katika mhadhara wa mwaka 1927, Jorge Luis Borges aliidharau lunfardo akiiona kuwa ni msamiati wa kikazi wa wezi. Roberto Arlt, mwana wa wahamiaji, alijibu mtazamo wa wasafishaji lugha mwaka 1930 kwa kuilinganisha lugha na ndondi: anayepigana kwa ubunifu humshinda anayefuata kanuni. Tango, tangu Carlos Gardel alipoimba "Mi noche triste" mwaka 1917, ilikuwa imeyafikisha maneno ya mtaa kwa tabaka zote. Utawala wa kijeshi ulioingia mwaka 1943 uliyapiga marufuku redioni, na ilibidi watunzi wamwendee Rais Perón mwaka 1949 kudai nafuu. Mwaka 1962 José Gobello na wenzake waliasisi Academia Porteña del Lunfardo. Kilichokuwa faili la polisi kikawa na akademia.

Hitimisho

Tumeona kwamba aliyeandika mwanzo ndiye aliyeamua jina, na kwamba jina lilidumu kuliko ushahidi wake. Dai la chimbuko la wahalifu limetolewa pia kuhusu Sheng ya Nairobi. Mtafiti hana budi kuuliza orodha ya maneno ilikusanywa wapi na nani, kabla ya kuuliza maneno hayo ni ya nani. Aidha, uwanja wa Río de la Plata usiachiwe wataalamu wa Kihispania na Kiitaliano peke yao. Palipo na mi- na ki- zilizoganda, mjuzi wa Kibantu ana kazi ya kufanya.