Njia Ipitayo Jiwe Lililotupwa

Leo nataka kusimulia habari ya jambo lililowashinda wenye ilimu kwa muda wa karibu miaka elfu mbili, ingawa kila kijana apigaye mpira, au arushaye jiwe kuangusha embe, hulitenda bila kufikiri. Kitu kikitupwa, hupita njia gani hewani, na kwa sababu gani?

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha ya kuwa kitu hakiendi ila kikisukumwa. Basi mshale ukiisha kuuacha upinde, ni nini kiusukumacho? Akajibu kuwa ni hewa yenyewe. Katika karne ya 6 Philoponus wa Iskanderia, mji wa Misri, alilikataa neno hilo: kama ndivyo, ingetosha kuliweka jiwe juu ya kijiti na kuisukuma hewa iliyo nyuma yake, nalo lingeruka. Hoja nzuri, lakini waliomsikiliza walikuwa wachache.

Hata wakaja wapiga mizinga wa Ulaya, nao hawakuwa na haja ya maneno bali ya shabaha. Mwitalia mmoja, Niccolò Tartaglia (jina hilo maana yake ni kigugumizi, kwani utotoni askari alimkata taya kwa upanga), aliandika mwaka 1537 ya kuwa risasi hufika mbali kabisa mzinga ukiinuliwa nyuzi 45, yaani nusu ya njia baina ya kulala na kusimama wima. Lakini njia yenyewe aliichora imenyooka, kisha ikapinda, kisha ikashuka wima. Hakuna aliyepata kuona mpira ukianguka hivyo.

Aliyelifumbua fumbo ni Galileo. Karibu na mwaka 1608, alipokuwa mwalimu katika chuo cha Padua, alivingirisha tufe dogo katika mfereji ulioinama juu ya meza, likaruka ukingoni, akapima mahali lilipoangukia. Akatambua ya kuwa kitu kilichotupwa kina miendo miwili kwa mara moja, wala mmoja hauuzuii wa pili. Kwenda mbele ni kwa kadiri ile ile daima. Kuanguka huzidi: ikitimia sekunde 1 kimeshuka kadiri ya meta 5, zikitimia 2 meta 20, zikitimia 3 meta 45. Unganisha miendo hiyo, na mstari utokao ni ule wa kupinda uitwao parabola.

Jaribuni wenyewe. Weka sarafu mbili ukingoni pa meza. Moja uisukume ianguke chini papo hapo, na ya pili, wakati ule ule, uipige kwa ukucha iruke mbali. Sikiliza: zitagonga sakafu kwa mlio mmoja.

Lakini mwaka 1633 Galileo alihukumiwa Roma kwa kufundisha ya kuwa dunia hulizunguka jua. Akazuiliwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, na vitabu vyake vikakatazwa. Habari za vitu vitupwavyo alizikamilisha humo kifungoni. Maandiko yakapelekwa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, yakapigwa chapa mwaka 1638. Kitabu kilipomfikia mkononi alikuwa amekwisha kupofuka. Ule mstari alioutafuta miaka mingi, hakuweza kuuona umechorwa.

Galileo mwenyewe alijua ya kuwa hewa huiharibu parabola. Newton aliandika mwaka 1672 ya kuwa ameona mpira wa tenisi, ukipigwa kwa raketi iliyoinamishwa, ukienda kwa kupinda. Mpira uzungukao huisukuma hewa upande mmoja, nayo huusukuma mpira upande wa pili. Ndiyo maana mpira wa kona waweza kuingia golini bila kuguswa na mtu.

Na zile nyuzi 45? Mrusha mkuki haziendei, maana mkono wa mtu hupoteza nguvu kila urushapo juu zaidi, na mkuki wenyewe hubebwa kidogo na hewa. Hivyo huurusha chini ya hapo. Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza mengi kwa kutazama picha za warushaji wengine katika intaneti, aliurusha mkuki wa gramu 800 mjini Beijing mwaka 2015, katika mashindano ya dunia. Ukachoma ardhi meta 92.72 mbele yake, akawa bingwa.